WENGI WAPE, LAKINI WENGI WAMESEMA NINI?

Hotuba ya Paroko kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani ya dekania



Ndugu zangu wapendwa, wenyeviti na makatibu wa Halmashauri za Walei, viongozi wa vigango na wa Jumuiya Ndogo Ndogo, makatekista, mama zetu wa WAWATA na vijana mliofika:

Wahenga wetu walisema, "Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe." Msemo huo twautumia karibu katika kila kikao. Mjadala ukirefuka, mwenyekiti husema tupige kura, mikono hunyoshwa, huhesabiwa, na jambo huwa limekwisha. Sikuja kuwaambia kwamba kura ni kitu kibaya. Nimekuja kuwauliza swali moja tu: tukisha kuwapa wengi, je, tunajua wengi wamesema nini? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kutia sahihi uamuzi wa wengi bila kujua, na mtu mwema akaumia.

1. Barua niliyoitia sahihi

Katika kigango kimoja nilichokihudumia zamani kidogo palikuwa na mweka hazina, mzee wa makamo, aliyeshika sanduku la fedha kwa miaka mingi. Waamini walipochanga fedha za mabati ya kanisa, maneno yakaanza. Kamati ya wazee watano ikakaa. Baada ya mazungumzo marefu mwenyekiti aliuliza swali moja: "Aondoke au abaki?" Wanne wakasema aondoke, mmoja akasema abaki. Waliniletea barua, nikaitia sahihi siku ile ile. Jumapili iliyofuata ikasomwa mbele ya waamini.

Siku ya tatu yule mzee alikuja nyumbani kwa mapadre, kofia mkononi. Hakuja kugomba. Alisema, "Baba Paroko, naomba niambiwe nimekosa nini. Kama ni dhambi nikaungame, na kama si kweli nijitetee." Nikamwambia, "Mzee wangu, keti, nitakuonyesha." Nikaagiza muhtasari wa kikao uletwe. Katibu alikuwa mwandishi mwaminifu, alikuwa ameandika maoni ya kila mjumbe. Nikausoma mara mbili, kisha mara ya tatu, wala sikupata jibu la kumpa.

2. Fundo lilipokuwa

Naomba tufuatane polepole. Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, kwamba ametumia sehemu ya fedha za mabati kwa shughuli zake. La pili, kwamba amemlipa fundi bila idhini ya kamati. Wazee wote watano walikubaliana kwamba lolote kati ya hayo mawili, likiwa kweli, latosha kumwondoa. Sasa tazameni walivyoamini:

Mjumbe wa kwanza na wa pili waliamini kwamba ametumia fedha, lakini hawakuamini shtaka la fundi, kwa kuwa walikumbuka mwenyekiti akitoa idhini kwa mdomo. Kwa hiyo walisema aondoke.

Mjumbe wa tatu na wa nne hawakuamini kwamba ametumia fedha, kwa kuwa stakabadhi zililingana na daftari. Lakini waliamini kwamba fundi alilipwa bila idhini. Nao walisema aondoke.

Mjumbe wa tano hakuamini shtaka lolote. Alisema abaki.

Hesabuni nanyi. Shtaka la kwanza: wawili wanaliamini, watatu wanalikataa. Shtaka la pili: wawili wanaliamini, watatu wanalikataa. Kuondolewa: wanne wanakubali, mmoja anakataa. Maana yake kikao kile, kwa wingi wa kura zake, kilisema kwamba mzee hakutumia fedha. Kikasema pia kwamba hakuvunja utaratibu. Kisha kikasema aondoke, kwa sababu amefanya mojawapo ya hayo mawili! Mtu mmoja akitamka maneno hayo matatu tutamwambia kwamba anajipinga mwenyewe. Kikao kilipoyatamka tulikiita uamuzi halali, nikaupigia muhuri wa parokia.

Angalieni jambo hili kwa makini: hapakuwa na mjumbe aliyesema uongo, wala aliyejipinga. Kila mmoja wao alikuwa na mawazo yaliyonyoka kimantiki, kutoka sababu hadi hitimisho. Kosa halikuwa moyoni mwa mtu yeyote. Lilikuwa katika namna yetu ya kuyajumlisha mawazo yao. Ndiyo maana naliita suala la haki: tumezoea kutafuta mwenye nia mbaya kila palipo na dhuluma, nasi tunasahau kwamba hata watu wema, wakitumia utaratibu mbovu, wanaweza kumdhulumu jirani yao.

3. Si ajali ya kigango kimoja

Msidhani jambo hili lilizaliwa kwetu. Huko Marekani wataalamu wawili wa sheria, Lewis Kornhauser na Lawrence Sager, walilichunguza katika mahakama zenye mahakimu wengi, wakaandika juu yake mwaka 1986 na tena mwaka 1993. Mfano unaotumika sana kulieleza ni huu. Mtu anadaiwa fidia. Sheria yasema atalipa iwapo mambo mawili ni kweli kwa pamoja: kwamba palikuwa na mkataba, na kwamba ameuvunja. Hakimu wa kwanza anasema mkataba ulikuwapo na umevunjwa, alipe. Wa pili anasema ulikuwapo lakini haukuvunjwa, asilipe. Wa tatu anasema alitenda kinyume cha maneno yale, lakini hayakuwa mkataba halali, asilipe. Ukihesabu sababu, wawili kwa mmoja wanasema mkataba ulikuwapo, na wawili kwa mmoja wanasema masharti yake yalivunjwa. Basi ingepasa alipe. Ukihesabu hitimisho, wawili kwa mmoja wanasema asilipe. Mahakimu ni wale wale na mawazo ni yale yale, lakini hukumu zinatoka mbili.

Mwaka 2002 wanafalsafa Christian List na Philip Pettit walikwenda mbali zaidi. Walithibitisha kwa mantiki kwamba, maswali yanapofungamana kama haya, hakuna utaratibu wa kujumlisha maoni utakaotimiza daima masharti manne kwa pamoja. Kwanza, kikundi kipokee maoni yoyote ya wajumbe, mradi kila mjumbe hajipingi. Pili, wajumbe wote wawe na uzito sawa. Tatu, kila swali liamuliwe kwa kura zake lenyewe, na kwa kanuni ile ile. Nne, mwishowe kikundi kiwe na jibu kwa kila swali, na majibu yasipingane.

Hatuna budi, basi, kuacha mojawapo. Wengine huacha usawa: mwenyekiti, au paroko, huamua peke yake, na bila shaka hajipingi. Lakini hapo hakuna kikao tena, kuna mtu mmoja mwenye mashahidi. Wengine hungoja mpaka wote wakubaliane, jambo jema, ila si kila mara lawezekana. Wengine huacha baadhi ya maswali bila jibu. Iko pia njia ya kuacha lile sharti la tatu: tukubali kwamba maswali hayalingani, bali mengine hutangulia na mengine hufuata. Hapa ndipo nataka tusimame.

4. Njia mbili za kuhesabu

Njia ya kwanza ni kupigia kura hitimisho tu: aondoke au abaki, alipe au asilipe. Ni njia ya haraka, nayo ndiyo tuliyoizoea. Ubaya wake ni kwamba kikao hakiwezi kusema kwa nini kimeamua. Kura nne za wazee wetu zilionekana kama fimbo nne za mti mmoja, kumbe zilikuwa mbili za mti huu na mbili za mti ule.

Njia ya pili ni kupigia kura sababu, moja baada ya nyingine, kisha kuacha hitimisho litoke kwenye sababu zilizopita. Kwa njia hii yule mzee asingeondolewa, kwa sababu hakuna shtaka hata moja lililopata kura za walio wengi. Faida yake ni kwamba anayeguswa na uamuzi anaweza kujibiwa. Hata hivyo nisiwadanganye: njia hii nayo ina makali yake. Katika ule mfano wa mkataba, ingemlipisha mtu ambaye mahakimu wawili kati ya watatu wanaona hapaswi kulipa.

Kwa sababu hiyo napendekeza hivi. Tuanze daima na sababu. Lakini jambo linapokuwa la kumwadhibu mtu, kumvua huduma, kumtoza fedha au kumwaibisha mbele ya watu, asiadhibiwe mpaka njia zote mbili zikutane: wengi wakubali sababu iliyo wazi na yenye jina, na wengi hao wakubali pia kwamba sababu hiyo yatosha. Zisipokutana, turudi kuzungumza. Heri kikao kichelewe kuliko mtu abebe mzigo usio na jina.

5. Susana, na mahakama za Kanisa

Mnaikumbuka habari ya Susana katika kitabu cha nabii Danieli. Wazee wawili walimshtaki, mkutano ukawaamini, naye akahukumiwa kufa. Hitimisho lao lilikuwa moja. Kijana Danieli hakuuliza tena juu ya hitimisho. Aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Hapo uongo ukafichuka, na damu isiyo na hatia ikaokolewa. Wazee wangu watano hawakuwa waongo kama wale, nawaheshimu hadi leo. Lakini somo ni lile lile: kukubaliana katika hukumu si kukubaliana katika sababu. Mkutano mzima ulikuwa umeuliza, "Afe au asife?" Danieli aliuliza, "Mti gani?"

Kanisa limelitia somo hili katika sheria zake. Katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1609 yaagiza kwamba waamuzi wa mahakama yenye waamuzi kadhaa waje kikaoni kila mmoja na maoni yake kwa maandishi, pamoja na sababu za kisheria na za mambo yalivyotukia. Kisha hujadiliana, na mwamuzi aweza kubadili maoni yake ya kwanza. Kanuni ya 1611 yataka hukumu ijibu kila shaka iliyoletwa na kueleza sababu zake. Na katika kesi za ubatili wa ndoa haitoshi kuuliza kama ndoa ni batili. Lazima itajwe ni kwa msingi upi, au kwa misingi ipi. Sharti hilo lilibaki hata Papa Fransisko aliporekebisha taratibu za kesi hizo mwaka 2015. Ikiwa Mama Kanisa anawataka waamuzi waliosomea sheria wafanye hivyo, sisi tunaokaa chini ya mwembe tutajitetea kwa kitu gani?

6. Kura huru na kura za kuazima

"Penye wazee haliharibiki neno." Msemo huo una ukweli mkubwa, na mtaalamu wa hisabati wa Ufaransa aitwaye Condorcet aliuonyesha kwa hesabu mwaka 1785. Tuseme kila mjumbe akiamua peke yake hupatia mara 60 katika 100. Ukiwaketisha watatu na kufuata kura za wengi, watapatia karibu mara 65. Ukiwaketisha watano, karibu mara 68. Wakizidi kuongezeka, ukweli nao unazidi kukaribia.

Lakini hesabu hiyo ina masharti mawili. La kwanza, kila mmoja aamue kwa macho yake mwenyewe. Mzee mwenye sauti akitangulia kusema, na wengine wanne wakaitikia kwa heshima au kwa hofu, hapo hamna kura tano. Mna kura moja iliyohesabiwa mara tano. La pili, kila mmoja awe na uwezo wa kupatia zaidi ya kukosea. Fitina ikiwa imetangulia kijijini, na kila mjumbe anapatia mara 40 tu katika 100, basi watano kwa pamoja watapatia karibu mara 32. Wingi unaokuza ukweli ndio huo huo unaokuza uvumi. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mikono, tuhakikishe wajumbe wameliona daftari, wameziona stakabadhi, na wamemsikia mshtakiwa mwenyewe.

7. Mambo ya kutenda

Wapendwa, nisiwaache na maneno matupu. Jambo zito likifika mezani, fanyeni hivi:

Kwanza, yatengeni maswali. Andikeni kila shtaka au kila sababu kwa sentensi yake. Kisha kubalianeni kama sababu moja yatosha, au lazima zote ziwe kweli kwa pamoja.

Pili, kubalianeni juu ya namna ya kuhesabu kabla ya mkono wa kwanza kunyoshwa. Anayechagua utaratibu baada ya kuona kura zinakoelekea, huyo amechagua mshindi.

Tatu, kila mjumbe aandike maoni yake kwenye kipande cha karatasi kabla ya mjadala, na asiyejua kuandika amnong'oneze katibu. Katika mjadala waanze kusema vijana na akina mama, wazee wamalizie. Kubadili mawazo kwa sababu ya hoja njema kusihesabiwe kuwa aibu.

Nne, pigeni kura sababu kwa sababu, halafu hitimisho. Katibu asome yote kwa sauti, na mwenyekiti aulize: "Je, mtu mmoja angeweza kuyasema haya yote bila kujipinga?" Jibu likiwa hapana, uamuzi usitangazwe.

Tano, anayeguswa na uamuzi apewe sababu kwa maandishi, na aonyeshwe mahali pa kukata rufaa.

Nasikia mnong'ono: "Padre, kwa utaratibu huu mwizi ataponyoka." Huenda. Huenda wale wawili walioamini shtaka la kwanza ndio waliokuwa sahihi. Lakini kutomwadhibu mtu si kukaa bila kutenda. Hesabu zikaguliwe upya, fedha zitolewe kwa sahihi mbili, sanduku liwe na funguo kwa watu wawili. Hayo hayahitaji kumhukumu mtu yeyote. Mwingine anasema vikao vitarefuka. Ni kweli, labda kwa saa moja. Yule mzee alikaa wiki sita bila kuja Misa kwa aibu, na wanawe walichekwa kisimani. Pimeni wenyewe ipi ni ndefu.

8. Mwisho wa habari

Nilikwenda nyumbani kwake pamoja na mwenyekiti, tukamwomba radhi. Kamati ikakaa upya, naye akasikilizwa, jambo ambalo hatukulifanya mwanzo. Mashtaka yakapigiwa kura moja moja, na yote mawili yakaanguka. Nilitangaza mwenyewe siku ya Jumapili, mahali pale pale barua ilipokuwa imesomwa. Waamini walipiga makofi. Yeye alishukuru, akarudi kwenye benchi lake, lakini sanduku hakulipokea tena. Alisema mikono yake ilikuwa imechoka. Nadhani kilichochoka si mikono.

Ndugu zangu, tuendelee kuwapa wengi, maana Roho wa Mungu hasemi na padre peke yake. Ila tukisha kuwapa, tuwe tayari kumtazama machoni yule mmoja aliye upande wa pili wa kura zetu, na akiuliza "Nimekosa nini?", tuwe na jibu moja, lililo la kikao kizima.

Mungu awabariki nyote.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Kumbukeni uamuzi mmoja mzito wa jumuiya au kigango chenu. Je, sababu yake yajulikana na wote, au kila mmoja ana sababu yake?

2. Katika vikao vyetu nani hutangulia kusema? Wengine husemaje baada yake?

3. Je, yupo mtu miongoni mwetu aliyeondolewa katika huduma bila kuelezwa kosa lake? Twaweza kumfanyia nini sasa?

4. Kati ya mambo matano ya kutenda, ni lipi tutaanza nalo katika kikao kijacho, na nani atalikumbusha?